Fahamu: Kwa nini krimu ya kikopo kisicho na lebo huzidisha chunusi

Kuanzia mtaa wa Umoja hadi Kayole jijini Nairobi, si ajabu kukuta kwenye duka la vipodozi kikopo kisicho na lebo: krimu iliyochanganywa papo hapo, pamoja na ahadi kwamba chunusi zitakwisha wiki hii hii. Na mara nyingi hupungua kweli. Hapo ndipo penye mtego. Baadhi ya krimu hizi zina steroidi, ambayo hutuliza uvimbe upesi, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzalisha chunusi mpya. Ukiiacha ghafla, uso unawaka moto. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka 1998, lakini biashara haikufa.

Chunusi hazitokani na uchafu. Homoni za balehe huongeza mafuta ya ngozi, vitundu vyake vinaziba, bakteria wanazaliana humo. Kusugua uso kwa sabuni ya kufulia (naam, wapo wanaofanya hivyo) huongeza mwasho tu. Chunusi zikijipanga kwenye paji la uso, chunguza kwanza mafuta unayopaka baada ya kusuka nywele.

Dawa za maana zipo kwenye famasia: benzoili peroksaidi na adapalini. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuleta matokeo, na adapalini haifai kwa mjamzito. Usitumbue chunusi, kwenye ngozi nyeusi doa hukaa miezi. Zikiwa kubwa na zenye maumivu, nenda hospitali, na ubebe hicho kikopo daktari akione.