Kodi ya mishahara: Jedwali la zamani katika kompyuta mpya

WAFANYABIASHARA wengi hapa Rusumo na Nyakarambi siku hizi hawakokotoi kodi ya mishahara kwa kalamu. Wamenunua programu ya kompyuta. Unaingiza jina la mfanyakazi na mshahara wake, unabonyeza, makato yanatoka yenyewe pamoja na hesabu za kujaza ritani ya Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA).

Ni msaada mkubwa. Lakini programu haisomi Gazeti la Serikali. Sheria ikibadilika, itaendelea kukata kwa viwango vya zamani mpaka mtu aihuishe. Na tangu mwaka 2022 makato ya mishahara hapa Rwanda yamebadilika zaidi ya mara moja.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja Novemba 2022, ilipoanza kutumika sheria mpya ya kodi ya mapato. Kabla ya hapo, faranga 30,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikukatwa kitu, kuanzia 30,001 hadi 100,000 ilikuwa asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 30. Sheria hiyo ikapandisha kiwango kisichokatwa hadi 60,000.

Mabadiliko ya pili yalikuja Novemba 2023. Sheria ileile ilikuwa imepanga kwamba baada ya mwaka mmoja mzigo upungue tena: faranga 60,000 za kwanza bila kodi, 60,001 hadi 100,000 asilimia 10, 100,001 hadi 200,000 asilimia 20, na zaidi ya 200,000 asilimia 30.

Tuchukue mfanyakazi wa faranga 150,000, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu ubaoni. Kwa jedwali la kabla ya Novemba 2022 kodi yake ni 29,000. Kwa jedwali la mwaka wa mpito ni 23,000. Kwa jedwali la Novemba 2023 ni 14,000, yaani 4,000 kwa zile 40,000 za katikati na 10,000 kwa zile 50,000 za juu. Mtu yuleyule, kazi ileile, lakini kodi imepungua zaidi ya nusu.

Mabadiliko haya ya pili yalikuwa rahisi kusahaulika kwa sababu hayakuhitaji sheria nyingine. Tarehe ilifika tu.

Mwanzoni mwa 2024 binti mmoja niliyewahi kumfundisha, karani wa ghala la mahindi, aliniletea karatasi yake ya mshahara. Mshahara 150,000, kodi 23,000. Nilimwonyesha kwa kalamu kwamba amekatwa 9,000 za ziada, na mwezi uliotangulia vilevile. Kwa miezi miwili ni 18,000, na kwa mama anayelea peke yake hizo si fedha za kupuuza.

Tajiri wake si mwizi. Alikuwa ameilipia programu akaambiwa kila kitu kimo ndani. Lakini zile 9,000 lazima zilikuwa mahali fulani. Ama zilikwenda serikalini bila kudaiwa, na hapo tajiri ana kazi ya kurekebisha ritani, ama zilibaki katika akaunti ya ghala, na hapo anaonekana mbele ya watu wake kama amewaibia. Fundi aliitwa, jedwali likabadilishwa, na binti akarudishiwa fedha zake kwa mafungu mawili.

Kosa linaweza pia kumwangukia tajiri. Januari 2025 mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Hiyo ni mbali na asilimia 2 ya ajali za kazini, ambayo ni ya mwajiri peke yake. Mchango si kodi, lakini hukokotolewa na programu ileile. Mfanyakazi wetu wa 150,000 aliyekuwa akikatwa 4,500 sasa hukatwa 9,000. Tena posho ya usafiri, ambayo zamani iliachwa nje, nayo huhesabiwa. Programu iliyolala hukata kidogo, mfanyakazi anafurahi, kisha deni linamrudia tajiri pamoja na faini.

Sisi tuliosoma uhamishoni tuna mtego wetu. Mimi nilisoma Karagwe, na mpaka leo nahesabu kwa Kiswahili. Wenzangu wengi hununua programu Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, kwa kuwa huko wana jamaa na wanaelewana na fundi. Programu hizo si mbaya, lakini huja na viwango vya huko. Tanzania na Uganda mabadiliko ya kodi kwa kawaida hufuata bajeti na kuanza Julai 1, na toleo jipya hutoka wakati huo. Kwetu viwango vilibadilika Novemba na Januari. Anayengoja toleo la Julai amekwisha kukosea miezi kadhaa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, kila mwezi chagua mshahara mmoja uukokotoe kwa kalamu. Ukitofautiana na kompyuta, simamisha malipo kwanza. Pili, muulize fundi viwango vilivyomo ni vya tarehe gani, naye aandike kwenye risiti yake. Tatu, kabla ya kuweka toleo jipya, nakili kumbukumbu zako kwenye flashi. Nne, usikubali jedwali la zamani lifutwe. Kosa la Oktoba 2023 likigunduliwa leo hurekebishwa kwa viwango vya mwezi ule, si vya leo.

Nanyi wafanyakazi, ombeni karatasi ya mshahara kila mwezi, muisome. Mwenye shaka apige simu RRA kwa namba 3004.

Mkaguzi akija dukani hamuulizii fundi wa Mwanza. Anamuulizia mwenye namba ya mlipakodi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la siku hizi ni kompyuta, nalo bado linataka kusomwa na mwenye mali.