Bohari ya vifurushi

bohari ya vifurushi *nm* [i-/zi-] Mahali katika kompyuta panapohifadhiwa programu zilizofungwa katika vifurushi, pamoja na orodha inayoonyesha kilichomo, ili kompyuta hiyo au nyingine iweze kuzichukua na kuzisakinisha.

Kifurushi kipi?

Kifurushi ni udogo wa *furushi*, yaani mzigo uliofungwa pamoja. Katika taaluma ya kompyuta, kifurushi ni faili moja iliyobeba programu na maelezo yake: jina, toleo, na programu nyingine inazozihitaji ili ifanye kazi. Katika mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, na katika Ubuntu uliotokana nao, faili hiyo huishia na *.deb*.

Hata hivyo, mkazi wa Temeke au Kinondoni akisikia kuwa kifurushi kimeisha, hafikirii programu. Anafikiria muda wa maongezi au data aliyonunua kwenye simu. Maana hizo mbili hukutana vibaya katika sentensi kama hii: *Pakua kifurushi kabla kifurushi hakijaisha.* Mfasiri ataondoa utata akiandika *kifurushi cha programu* na *kifurushi cha intaneti* pale maneno hayo yanapotajwa kwa mara ya kwanza.

Ghala, hazina au bohari?

Maneno yote matatu hutumika, lakini hayana uzito sawa. *Ghala* ni mahali pa kulimbikiza, hasa mazao. Hutazama wingi wa kilichowekwa. *Hazina* hutazama thamani yake, na kwa Mtanzania hukumbusha fedha za serikali. *Bohari* huongeza jambo la tatu: bidhaa huingia kwa hesabu na hutoka kwa maombi. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na yenye makao yake Keko, wilayani Temeke. Kituo cha afya hakiendi kupekua rafu. Hutaja kinachohitajika, nayo bohari hutazama kumbukumbu zake na kukitoa.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Folda iliyojaa faili za *.deb* bila orodha ni ghala tu. Ikipata orodha, huwa bohari. Kwa sababu hiyo *bohari* hulieleza jambo hili kwa usahihi zaidi, ingawa *hazina* si kosa.

Bohari katika kompyuta binafsi

Mathalani, mwalimu wa Mbagala ana kompyuta kumi na mbili za wanafunzi na hakuna intaneti darasani. Akipakua programu ileile mara kumi na mbili kwa data ya simu yake, atalipa mara kumi na mbili. Akiipakua mara moja kwa rafiki yake Mwananyamala, akaileta kwa flashi na kuijengea bohari, atalipa mara moja. Faida hiyo ilidhihirika hata kwa wenye intaneti nzuri mnamo Mei 2024, pale hitilafu ya nyaya za baharini ilipodhoofisha intaneti nchini: aliyekuwa na bohari yake aliendelea kusakinisha.

Hatua ni chache:

1. Vifurushi vyote huwekwa katika folda moja, tuseme */srv/bohari*. Lazima viwe vya toleo lilelile la mfumo na aina ileile ya kichakato.
2. Ndani ya folda hiyo huandaliwa orodha kwa amri `dpkg-scanpackages . > Packages`. Amri hii hupatikana katika kifurushi kiitwacho *dpkg-dev*.
3. Kompyuta huelekezwa ilipo bohari kwa kuongeza mstari huu katika faili yenye kiambishi *.list*, ndani ya */etc/apt/sources.list.d/*: `deb [trusted=yes] file:/srv/bohari ./`
4. Amri `apt update` husoma orodha, kisha `apt install` ikifuatiwa na jina la programu huisakinisha.

Mambo mawili huwakwamisha wengi. La kwanza ni *vitegemezi*, yaani vifurushi ambavyo programu huvihitaji. Anayebeba programu na kuviacha vitegemezi vyake atarudi Mwananyamala kwa daladala ya pili. La pili ni neno *trusted=yes*. Bohari rasmi hutiwa saini ya kidijitali, na kompyuta huikagua. Neno hilo huiambia kompyuta isidai saini, hivyo lifae tu pale mwenye bohari anapojua kila kifurushi kilikotoka.

Kosa la kuepuka

Wafasiri wengi huandika *sasisha* kwa `apt update` na pia kwa `apt upgrade`. Amri hizo ni tofauti. Ya kwanza huhuisha orodha peke yake. Hakuna programu inayobadilika. Ya pili ndiyo inayoweka matoleo mapya ya programu zenyewe. Mwanafunzi anayesoma tafsiri yenye neno moja atatoa amri ya kwanza, ataona maandishi yakipita kwenye skrini, na ataamini kuwa kompyuta yake imezibwa mianya ya usalama, kumbe bado iko wazi. Inafaa kuandika *huisha orodha* kwa ya kwanza na *sasisha programu* kwa ya pili.

Mifano ya matumizi

*Bohari ya vifurushi ya shule imehamishiwa kwenye kompyuta mpya.*
*Kifurushi hiki hakisakinishiki kwa kuwa vitegemezi vyake havimo boharini.*
*Huisha orodha kila unapoongeza kifurushi cha programu katika bohari.*