Lawalawa inatibiwa zahanati, si kwa wembe

KATIKA vijiji vya Mgori, kama ilivyo kwingineko Unyaturu, mtoto wa kike akilia wakati wa kukojoa, au akijikuna sehemu za siri hadi ngozi ikawa nyekundu, jibu la nyumbani mara nyingi huwa neno moja: lawalawa. Linalofanyika baada ya neno hilo ndilo linaloamua afya yake ya miaka yote ijayo.

Kuna mama atakayemfunga mtoto mgongoni na kwenda naye zahanati. Kuna nyumba nyingine ambako ngariba ataitwa kimyakimya, na mtoto ambaye hajaweza hata kukaa atakeketwa, kwa imani kwamba hiyo ndiyo tiba. Wapo akina mama wanaokuja kujua baada ya jambo kwisha, kwa kuwa walimwacha mtoto kwa bibi wakati wao wakiwa shambani au kisimani.

Leo tuizungumzie lawalawa yenyewe: ni nini, inatoka wapi na inatibiwaje.

Ugonjwa upo

Mama anayesema mwanawe anawashwa hadanganyi, na kumcheka au kumwambia lawalawa haipo ni kumrudisha kwa ngariba. Maumivu ya mtoto ni ya kweli. Tatizo ni kwamba jina hili moja limebeba magonjwa kadhaa tofauti.

La kwanza ni mwasho na uvimbe wa sehemu za siri unaotokana na uchafu, jasho, vumbi, nepi iliyokaa na mkojo muda mrefu au sabuni kali. La pili ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI. La tatu ni minyoo midogo myeupe mfano wa uzi, ambayo hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa na kumfanya mtoto ajikune asilale. Lipo pia kundi la fangasi, hasa kwa mtoto anayevalishwa nepi, na kichocho kwa mtoto mkubwa anayecheza kwenye maji yaliyotuama, ambaye huanza kukojoa damu.

Watoto wa kike hupata matatizo haya kwa urahisi kutokana na maumbile. Ngozi ya sehemu zao za siri bado ni nyembamba, njia yao ya mkojo ni fupi, na iko karibu na njia ya haja kubwa. Vijidudu havina safari ndefu.

Ongeza hapo suala la maji. Singida hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kikikaza, wanawake huchimba mchanga kwenye makorongo wakisubiri maji yajikusanye, na ndoo inayofika nyumbani hugawanywa: kupika kwanza, kunywa, mifugo, na kuoga baadaye kama yatabaki. Mtoto anayeshinda amekaa vumbini bila chupi kisha akalala bila kuoshwa atawashwa. Hilo halimaanishi mama yake ni mchafu wala kwamba ukoo umelaaniwa. Maji hayakutosha.

Mbona waliokeketwa hupona?

Hili ndilo swali ambalo bibi atakuuliza, na linahitaji jibu.

Mwasho mwingi wa watoto hupungua wenyewe baada ya siku kadhaa, hata bila dawa. Mtoto aliyekeketwa huoshwa na kuangaliwa kwa karibu kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ana kidonda. Mwasho ukiisha, sifa anapewa ngariba, wakati kazi imefanywa na maji na siku zilizopita. Mtoto wa jirani aliyeoshwa tu naye alipona, ila hakuna aliyemhesabu.

Kukata hakuui kijidudu kilichoko kwenye kibofu, wala hakuondoi minyoo iliyoko tumboni. Kunachofanya ni kufungua kidonda palepale panapopita mkojo na kinyesi. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, kushindwa kukojoa kwa maumivu, au kuambukizwa hadi vijidudu vikaingia kwenye damu. Akikua, makovu yanaweza kumletea maumivu kwenye ndoa na shida wakati wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba ukeketaji hauna faida yoyote kiafya.

Sheria na takwimu

Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inatamka kuwa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi 15, au faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili. Sheria inamgusa mzazi au mlezi aliyesababisha, si ngariba peke yake.

Sheria hiyo imesaidia, lakini pia imechangia kuhamishia kisu kwa watoto wachanga, maana mtoto mchanga hawezi kwenda kusema shuleni. Lawalawa ikawa sababu nzuri ya kuendeleza mila bila kuitaja kwa jina lake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 51 ya wanawake wa mkoa wa Singida walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015/16 ikawa asilimia 31, na mwaka 2022 asilimia 20. Ni hatua kubwa. Lakini mzazi akumbuke kwamba hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto anayekeketwa usiku wa leo hataonekana katika hesabu hiyo mpaka atimize miaka 15.

Fanya hivi nyumbani

Mwoshe mtoto sehemu za siri kwa maji safi mara moja au mbili kwa siku. Maji ya kikombe kimoja au viwili yanatosha, kwa hiyo yatenge mapema kabla ndoo haijaisha. Usitumie sabuni ya unga, na usiingize kidole wala kitambaa ndani.

Anapotoka haja, mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Mfundishe mwenyewe kufanya hivyo angali mdogo. Mvalishe chupi ya pamba isiyobana, ifuliwe na kuanikwa juani. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara, na mkumbushe kukojoa asijibane akiwa mchezoni. Mkate kucha.

Usimwekee chumvi, majivu, tumbaku wala dawa ya mitishamba. Ngozi hiyo huungua upesi.

Wahi zahanati ikiwa mtoto ana homa, anatapika, anakataa kunyonya, anakojoa kidogokidogo kwa kilio, ana damu kwenye mkojo, au mwasho haujapungua baada ya siku mbili tatu za kumwosha. Kwa mtoto mchanga, homa peke yake yaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya mkojo. Mwambie mhudumu apime mkojo. Akiandikiwa antibayotiki, mmalizishie dozi hata kama ameanza kucheka. Ikiwa ni minyoo, familia nzima itumie dawa. Sera ya afya inaelekeza kuwa watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya serikali.

Lipo jambo moja gumu. Uchafu wa njano au kijani wenye harufu, vidonda, au mtoto kuogopa ghafla mtu fulani, vinaweza kuwa dalili kwamba ameingiliwa. Ukiita hiyo lawalawa na kumpeleka kwa ngariba, umemficha aliyemdhuru. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Kuzungumza na mama mkwe

Mke kijana hawezi kuingia kwa kelele mbele ya mama mkwe, na hahitaji kufanya hivyo. Anaweza kusema: “Mama, nimekusikia. Naomba kwanza nimpeleke mjukuu wako akapimwe mkojo, tukirudi tuzungumze.” Hakuna bibi anayetaka mjukuu wake aumwe. Ukiweza, nenda naye. Akishaona mwasho umekwisha kwa dawa na maji, atawasimulia wenzake, na neno lake litasikika kuliko la daktari.

Baba naye asikae pembeni akisema hayo ni mambo ya wanawake. Akitamka mapema kwamba binti yake hatakeketwa, mkewe anapata pa kuegemea.

Mgori wanajua namna jamii inavyoweza kulinda kitu. Katika miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyozunguka Msitu wa Mgori vilibeba jukumu la kuulinda: wananchi wakakaa mikutano, wakatunga sheria ndogo, wakaweka walinzi wao wenyewe. Mkutano wa kijiji unaoweza kuamua nani asikate mti unaweza pia kuamua kwamba hakuna atakayemkata mtoto, na kwamba maji ya kisima yafike karibu na nyumba zenye watoto wadogo.

Ukisikia mtoto anaandaliwa kukeketwa, mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kijiji, au piga namba 116, Simu ya Mtoto. Kupiga ni bure. Piga kabla ya usiku kuingia.