Kilwa Kisiwani: Safari ya Basi Hadi Mji wa Mawe

Mkazi wa Madale hahitaji kufundishwa thamani ya mfuko wa saruji. Kiwanda cha Wazo, kilichoanza kazi mwaka 1966, ni jirani yake, nacho huchoma mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Lakini je, wajua kuwa mafundi wa pwani yetu walikuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea karne nyingi kabla ya kiwanda hicho? Kazi ya mikono yao ingaliko Kilwa Kisiwani, na mfanyakazi wa kawaida aweza kuifikia kwa basi.

Ondoka Madale alfajiri, vuka jiji hadi Mbagala Rangi Tatu, Temeke, ushike njia ya kusini. Utapita Kibiti na Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, abiria walitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua zikizidi safari ilikwama. Siku hizi kilometa zipatazo 300 humalizwa kwa siku moja. Ukifika Nangurukuru, utaiacha barabara ya Lindi na kuelekea Kilwa Masoko. Hapo utachukua kibali, na mashua itakuvusha hadi kisiwani.

Utaona Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Utaona Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331 akausifu uzuri wake. Utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala. Sarafu ya Sultani huyo imepatikana hata Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia na kuupora.

Adui wa leo ni mawimbi, mizizi na uzembe. Shirika la UNESCO liliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa ufukoni.

Watoto wetu husoma habari za piramidi za Misri na za Wamaya wa Meksiko, nao hufanya vema. Lakini mtoto atalindaje urithi wa kwao asioujua? Likizo ijayo, weka akiba ya nauli kidogo kidogo, umpeleke. Mwonye asichore ukutani wala asiokote kigae. Jiwe likishaondolewa pale, hapana fundi awezaye kulirudisha pamoja na historia yake.