Ugumu wa Uwanja wa Gofu Hupimwaje?

Askari aliyepata kufanya kazi Arua, au kupita Dadamu iliyo pembezoni mwa mji huo, anafahamu kwamba gofu si mchezo wa Kampala na Entebbe peke yake. West Nile nayo ina wachezaji wake. Hata hivyo, wengi wautazamao mchezo huo hudhani kuwa uwanja mrefu ndio uwanja mgumu. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu.

Wapimaji wa viwanja hupita shimo baada ya shimo, wakiwa na kamba ya kupimia na daftari. Kwanza hutafuta urefu halisi wa kuchezea. Mpira ukibingirika mbali katika ardhi kavu, urefu huhesabiwa kuwa umepungua; mlima au upepo wa mbele huuongeza. Mwinuko wa nchi nao huzingatiwa kuanzia futi 2,000, yaani mita 610 hivi, kwa kuwa hewa nyepesi huuacha mpira uruke mbali zaidi. Arua, ulio yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, unaingia katika hesabu hiyo.

Pili, hupima vikwazo, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 10: mabonde na miinuko, wembamba wa njia, nyasi ndefu, mashimo ya mchanga, maji, miti, ukubwa wa eneo la shimo na utelezi wa nyasi zake. Hata hofu inayomwingia mchezaji aonapo vikwazo vingi pamoja nayo ina alama yake.

Lakini kikwazo ni kikwazo kwa nani? Hapo ndipo ilipo busara ya kipimo hiki. Wapimaji huwafikiria wachezaji wawili. Wa kwanza ni hodari asiye na hendikapu, ambaye pigo lake la kwanza hufika yadi 250. Wa pili ni wa kawaida, mwenye hendikapu ya 20 hivi, ambaye hufika yadi 200. Wanawake wana vipimo vyao. Kijito kilichokatiza njia kwenye yadi 210 hakimshughulishi hodari. Humlazimu mwenzake apige pigo fupi na kubaki nyuma.

Asili ya hesabu hiyo ina mkono wa askari. Katika miaka ya 1970, Dean Knuth, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa akisoma katika chuo cha jeshi hilo mjini Monterey, California, alitunga utaratibu wa kuvipa vikwazo alama. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kipimo kiitwacho slopu, ambacho kilianza kuenezwa Marekani yote mwaka 1987. Tangu Januari 2020 kimo ndani ya mfumo wa hendikapu wa dunia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika uwanja wa kwanza, hodari anakadiriwa mapigo 71 na mchezaji wa kawaida 95. Katika wa pili, hodari 73 na wa kawaida 94. Tofauti ya makadirio hayo, kwa wanaume, huzidishwa kwa 5.381. Uwanja wa kwanza unapata slopu ya 129. Wa pili 113, ambayo ndiyo ya wastani. Basi uwanja ulio mwepesi zaidi kwa hodari ndio unaomwelemea zaidi mnyonge.

Ili kujua mapigo ya nyongeza, hendikapu huzidishwa kwa slopu, ikagawanywa kwa 113, kisha hujumlishwa tofauti ya kadirio na pa. Tuseme pa ya uwanja wa kwanza ni 71. Mwenye hendikapu ya 5 atapewa 6. Mwenye 20 atapewa 23. Cheo hakimo katika hesabu hiyo: koplo na kanali hupimwa kwa kanuni moja.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hodari huvuka kijito akasema njia ni nyepesi. Apimaye kwa haki humtazama pia yule anayekuja nyuma, kisha ndipo huandika alama.