Kalavati Hili ni la Nani?

Kyela inaweza kufurika siku ambayo halijadondoka hata tone. Mvua hupiga juu kule Tukuyu na kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, kisha maji hushuka kwa kasi kupitia mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yakifika bondeni, ambako Ziwa Nyasa limelala mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hayana tena mteremko wa kuyavuta, hivyo hutapakaa. Mpunga huyafurahia. Barabara hazina furaha hiyo. Mtu amelala usiku kucha bila kusikia mvua juu ya bati, asubuhi anakuta mtaro umekuwa mto na watoto wa shule wamesimama ng'ambo, mmoja akipima kina kwa fimbo.

Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya usalama wa njia katika mwambao wa kaskazini wa ziwa hili hayana budi kuanzia kwenye maji kabla ya kufika kwa madereva. Chukua kalavati la kawaida la saruji kwenye barabara ya vumbi. Likizibwa na mabua, matope na chupa za plastiki, maji hukosa pa kupita, hupanda juu ya tuta la barabara na kuanza kula udongo kutoka pembeni na chini. Yakishapungua, sehemu ya juu hubaki ikionekana nzima, kumbe chini pana pango. Wa kuligundua pango hilo mara nyingi ni bodaboda wa alfajiri, mwenye gunia la mpunga nyuma na taa isiyomulika mbali.

Wakazi hulisema jambo hili, tena kwa sauti kubwa. Tatizo ni kwamba hulisema mahali ambapo haliwezi kufanyiwa kazi.

Kwanza kuna suala la mwenye barabara. Barabara kuu inayoshuka kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi mpakani Kasumulu iko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000, na ndivyo ilivyo kwa barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema. Njia za wilaya, za mitaani na zile zinazoingia vijijini ni za TARURA, wakala mwingine ulioanza mwaka 2017. Kivuko cha magogo kati ya shamba na shamba, pamoja na kichochoro cha kwenda kisimani, hubaki mikononi mwa kijiji chenyewe. Mkazi anayepita njia zote tatu kwa siku moja haoni mipaka hiyo. Kwake yote ni barabara. Lakini barua ya kalavati la TARURA ikipelekwa TANROADS italala kwenye jalada, na hakuna atakayelaumiwa kwa kuilaza.

TARURA nayo ina mzigo wake. Nchi nzima inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, na ndiyo maana mwaka 2021 Bunge liliridhia shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya mafuta ili kuongeza fedha za barabara za vijijini na mijini. Hata hivyo, greda haliendi kwenye malalamiko. Linakwenda kwenye barabara iliyoingia kwenye mpango wa mwaka, na safari ya kuingia kwenye mpango huanzia chini kabisa, kwenye kikao cha watu wanaoitumia barabara hiyo.

Kikao hicho kipo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaunda mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na inataka ukutane walau kila baada ya miezi mitatu. Chini yake ipo halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Kyela mjini mfumo unabadilika kidogo, kwa kuwa ni mamlaka ya mji mdogo: hapo vitongoji haviko chini ya kijiji, na wenyeviti wake ndio wanaoingia kwenye baraza la mji. Viongozi wa ngazi hizi walichaguliwa kote nchini tarehe 27 Novemba 2024. Kuna pia balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 ni kiongozi wa chama na si wa serikali, ingawa ng'ombe akipotea usiku wengi bado hubisha hodi kwake kwanza.

Sasa tazama jinsi mkutano unavyokwenda. Mbiu imepigwa, tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa duka, watu wamekuja kwa kuchelewa na kukaa chini ya mwembe. Yanasomwa mapato na matumizi. Inajadiliwa michango ya darasa. Yanatolewa matangazo ya afya, ya chanjo, ya kilimo. Saa saba mchana, jua kali na nusu ya wajumbe wameshaaga, mwenyekiti anafika kwenye ajenda ya mwisho: mengineyo. Ni hapo ndipo zinaporundikwa habari za taa zisizowaka, kalavati lililoziba, vijana wanaopora simu karibu na stendi na mbwa wanaozurura. Mtendaji anaandika sentensi moja: wananchi walilalamikia ubovu wa barabara. Mkutano unafungwa.

Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi, na haina faida yoyote. Haisemi barabara ipi, wala lini, wala nani ameagizwa kufanya nini. Mhandisi wa wilaya akiletewa muhtasari huo hana pa kuanzia. Ingeandikwa hivi, mathalani, mambo yangekuwa mengine: kalavati lililopo kati ya zahanati na njia panda ya ghala la kakao limeziba, mwezi Machi maji yalipita juu ya barabara mara mbili, upande wa kushoto udongo umeliwa kiasi cha hatua moja, barabara ni ya TARURA, mtendaji aandike barua ndani ya siku saba. Mkutano uliofikia hapo umekwisha kulalamika na umeanza kazi, kwa sababu hoja iliyoandikwa hivyo ina haki ya kurudi. Kikao kijacho hufunguliwa kwa kusoma muhtasari uliopita, kisha inafuata ajenda ya yatokanayo. Hapo mtendaji husimama mbele ya watu na kueleza barua imefika wapi. Kiongozi anaweza kuyasahau ya mengineyo na asiulizwe. Ya yatokanayo yana mtu wa kuyajibu.

Siku hizi kuna ushindani kutoka kwenye makundi ya WhatsApp. Yana faida kubwa: picha ya daraja lililozama hufika kwa watu mia mbili kabla mtendaji hajavaa viatu. Ila kundi la simu halina muhtasari wala yatokanayo. Taarifa ya leo asubuhi, jioni imeshafunikwa na salamu za siku ya kuzaliwa na sauti zilizosambazwa kutoka mkoa mwingine. Vitongoji vinavyofanya vizuri ni vile vinavyotumia simu kukusanya ushahidi, yaani picha, tarehe na mahali, halafu vinaubeba ushahidi huo kwenda kikaoni.

Ujirani wenye nguvu si jambo geni kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wao huku katika miaka ya 1930, walikuta vijiji vilivyojengwa kwa rika badala ya ukoo. Wavulana wakifikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa baba zao kwenda kulala na wenzao kwenye vibanda pembezoni mwa kijiji, na rika hilo likakua, likaoa, likawa kijiji chake lenyewe. Monica Wilson alilieleza hilo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Jirani alikuwa mlinzi, na manung'uniko ya majirani yaliaminika kuwa na nguvu ya kumletea mkosaji baridi na homa. Hakuna haja ya kuyapamba mambo hayo, kwani sauti hiyohiyo ya pamoja ndiyo iliyomhamisha kijijini mtu aliyetuhumiwa uchawi, bila ushahidi ambao leo mahakama ingeukubali.

Hatari hiyo haijaisha. Ulinzi wa jadi wa sungusungu ulioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipata kutambuliwa kisheria mwaka 1989, na baadaye ikaja falsafa ya polisi jamii, halafu wakaguzi wa polisi wa kata. Ulinzi shirikishi ukiendeshwa vizuri, kikundi kina orodha ya zamu, kinajulikana polisi, na anayekamatwa hukabidhiwa kituoni akiwa mzima. Ukiendeshwa vibaya, magazeti huandika kesho yake kuhusu wananchi wenye hasira kali. Mwenyekiti anayeanzisha doria bila orodha ya majina ya walinzi hajaongeza usalama wa mtaa; ameongeza watu wenye marungu gizani.

Tukirudi barabarani, lami imekuja na jambo lake. Kyela ni tambarare na kwa muda mrefu baiskeli ndiyo iliyobeba mkungu wa ndizi, mawese, mgonjwa na bibi harusi. Lami ilipofika, baiskeli zikabaki palepale ukingoni, na katikati yakaanza kupita magari yenye mwendo ambao kijiji hakijauzoea. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka takriban mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Tofauti hiyo dereva haisikii hata kidogo kwenye usukani.

Wakazi huomba matuta, na wana haki. Wasichotakiwa kufanya ni kuyachimba wenyewe usiku kwa jembe na magogo, maana tuta lisilo na alama huua kwanza waendesha pikipiki wa kijiji hichohicho. Kwenye barabara kuu, tuta ni kazi ya TANROADS. Huko huko ndiko linakozaliwa suala la magenge: tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mama anayepanga nyanya na dagaa ukingoni mwa lami yuko ndani ya hifadhi, na yuko pia kwenye njia ya gari litakalokosa breki. Kuchora alama nyekundu ya X kwenye genge lake bila kumwonyesha pa kwenda ni kuahirisha ugomvi tu.

Bodaboda hulaumiwa kwa kila jambo, na mengine wanastahili. Kupakia mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, bado ni jambo la kila siku, na kofia ngumu ya abiria huning'inia kwenye usukani kama pambo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Pamoja na hayo, hakuna wanaozijua barabara za Kyela kuliko vijana hawa wanaoitwa kwa utani maafisa usafirishaji. Wanajua shimo jipya limetokea wapi, daraja gani linatikisika, na saa ngapi si vizuri kupita njia fulani. Mwenyekiti wa kijiwe hana kiti kwenye halmashauri ya kijiji kwa wadhifa wake huo, lakini hakuna sheria inayokataza kumwalika.

Kasumulu ina mambo yake ya pekee. Malori yanayosubiri kuvuka hufunga nusu ya barabara, na watembea kwa miguu hulazimika kupita katikati. Mto Songwe wenyewe, unaogawa Tanzania na Malawi, umekuwa ukihama mkondo kila unapofurika, kiasi cha kuacha mashamba upande ambao wenye mashamba hawakuutarajia, na hilo ni mojawapo ya sababu nchi mbili ziliunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Mashariki, barabara inapoishia Matema, ziwa lenyewe ndilo njia. Vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo siku ya Jumamosi, vikiwa vimepangwa mdomo kwa mdomo na kubanwa kwa majani makavu, na wafinyanzi wamekaa juu ya kile kinachobaki. Mwera ukianza kuvuma kutoka kusini, mawimbi hupanda kwa muda mfupi. Kwa mkazi wa Ikombe, kuomba usalama barabarani maana yake ni jaketi la kujiokolea, idadi ya abiria inayojulikana kabla ya kuondoka, na tangazo la upepo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa linalofika ufukweni kwa wakati. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo hivi, lakini ofisa hayupo kila asubuhi pale mtumbwi unaposukumwa. Waliopo ni viongozi wa mwalo.

Taarifa ya mapema ndiyo pengo kubwa, na hapa jiografia inawapa watu wa Kyela nafasi ambayo wengi hawaitumii. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake Tukuyu, kulekule mvua inakoanzia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati ya kijiji kilicho kando ya Mbaka au Kiwira inahitaji namba ya mtu mmoja wa kuaminika huko juu, mtu mmoja wa zamu mwenye simu iliyochajiwa kati ya Machi na Mei, na makubaliano kuhusu ishara: kengele ya kanisa, spika ya msikiti, filimbi. Polisi hupigiwa 112, Zimamoto 114. Majina ya watu wa zamu yabandikwe kwenye ukuta uleule wa duka panapobandikwa tangazo la mkutano, na katika mkutano unaofuata mwenyekiti aulizwe, chini ya yatokanayo, nani alipiga simu, saa ngapi, na kalavati la njia panda ya ghala limejibiwaje na TARURA.