Bustani ya uani Chang'ombe: Hesabu inaanzia kwenye ndoo

UKIPITA mitaa ya Chang'ombe, mjini Dodoma, mwezi Februari, mboga si tatizo. Mlenda umejiotea wenyewe mashambani, majani ya kunde na ya maboga yamejaa sokoni Majengo, na muuza mchicha analazimika kunenepesha fungu ili apate mteja. Rudi mwezi Oktoba. Vumbi linatimka, fungu limekonda na bei imepanda.

Ni katika miezi hiyo ya kiangazi ndipo bustani ya nyuma ya nyumba inapoweza kuiokolea familia fedha, au kuzimaliza. Wengi wanaoanza bustani huanza kwa kuulizia mbegu na mbolea. Kwa Dodoma, swali la kwanza ni maji: yanatoka wapi, na ndoo moja ni shilingi ngapi?

Mvua hapa ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo kila jani linategemea mkono wa mtu. Tuta la mchicha lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 hutaka takriban lita 20 kwa siku wakati wa jua kali. Hiyo ni ndoo moja kubwa. Familia yenye matuta manne, ikipanda tuta moja kila wiki, inaweza kuvuna mfululizo, kwa kuwa mchicha huwa tayari katika wiki tatu hadi nne.

Sasa tupige hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu, weka za mtaa wako. Tuseme nyumba hununua mafungu mawili kwa siku, kila fungu Sh500. Kwa mwezi ni Sh30,000. Matuta manne yanakunywa ndoo nne kwa siku. Ukichota bombani kwa Sh50 kwa ndoo, utatumia Sh6,000 kwa mwezi, na bustani imelipa. Lakini ukiletewa na mkokoteni kwa Sh300 kwa ndoo, ni Sh36,000. Mchicha wa uani umekuwa ghali kuliko wa sokoni, na jasho lako hatujalihesabu.

Ndiyo maana anayetegemea maji ya mkokoteni hana sababu ya kuanza na matuta manne. Aanze na moja, alinyweshe kwa maji ambayo nyumba imekwisha kuyatumia: ya kuoshea mboga na mchele, na ya kusuuzia nguo mara ya mwisho. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni nyingi, yasiguse bustani, wala maji ya mtaroni, kwani kinyesi na vijidudu vyake huishia kwenye jani.

Jambo la pili ni umbo la tuta. Tumezoea kuinua udongo, na sehemu zenye mvua nyingi hilo ni sawa. Kwa Dodoma fanya kinyume. Chimba chini kiasi cha sentimita 15 hadi 20, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, urudishe ukiacha tuta likiwa chini ya usawa wa ardhi, kama sinia. Maji hayakimbii na upepo hauunguzi miche. Funika uchi wa udongo kwa nyasi kavu au mabua ya mtama, mwagilia alfajiri au jioni.

Paa la bati nalo lisidharauliwe. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 8, ikipata mvua ya milimita 20, hukusanya zaidi ya lita 800 hata ukiondoa yanayopotea. Tangi la lita 1,000 ni ndoo 50, yaani siku 50 za tuta moja. Halikupeleki mpaka Novemba, tusidanganyane, ila linasogeza mbele siku ya kuanza kununua maji.

Wanaotumia visima wana shida nyingine: chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, acha maharage, karoti na vitunguu. Spinachi huvumilia zaidi. Mvua zikija, ziache zisafishe tuta kabla ya kupanda tena.

Na mpangaji? Chang'ombe nyumba zimebanana na wengi wanaishi kwa kupanga. Gunia la udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hubeba miche juu na ubavuni. Kuhama ni kazi, gunia likishajaa ni zito kweli, lakini angalau hakuna mwenye nyumba wa kukuambia umemharibia kiwanja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1974/75, nchi ilipokumbwa na uhaba wa chakula, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwahimiza hata watu wa mijini kulima kila upenyo.

Tukija jikoni, tusisahau kwamba Wagogo walitatua tatizo la Oktoba zamani: mboga za masika hukaushwa. Majani ya kunde chemsha kidogo, chuja, tandaza kivulini penye hewa. Juani yanakauka upesi lakini vitamini A inapungua. Yakikauka hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, pakavu.

Mlenda mkavu uliotwangwa hauhitaji mafuta. Chemsha maji na nyanya na kitunguu, tia magadi kidogo sana, kwani yakizidi yanaharibu ladha na vitamini. Nyunyiza unga wa mlenda huku ukikoroga, kisha karanga zilizosagwa. Subiri uvutike, epua. Ugali wa uwele au mtama ndio mwenzake.

Mfuko wa mlenda mkavu unauzika pia, na wakati wa kuuuza ni huohuo wa Oktoba na Novemba. Anayekausha Machi hanunui ndoo hata moja kwa ajili yake.